Umelipa ushuru, sawa. Lakini umeandika tarehe gani?

Ukimuuliza kijana yeyote anayejitafutia hapa Garissa tarehe ya ushuru ni lini, atakujibu bila kufikiria: Juni 30. Hiyo kila mtu anaijua. Ndiyo siku ambayo saiba za mjini hujaa tangu asubuhi, mtandao wa iTax unazunguka tu, na jamaa wa saiba anapandisha bei kwa sababu anajua huna pa kwenda.

Lakini kuna tarehe nyingine nne ambazo hazina kelele. Hakuna foleni, hakuna tangazo la redio, hakuna meme. Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Kama wewe ni mpiga picha wa harusi, mtaalamu wa takwimu anayepata kandarasi za mashirika ya Dadaab, fundi wa kuunda tovuti, au una kampuni ndogo uliyosajili juzi ukitafuta tenda za kaunti, tarehe hizi zinakuhusu kuliko unavyodhani.

Na hapa sitaki kukuhubiria ulipe ushuru. Hiyo kazi ina wenyewe na wanalipwa mshahara. Ninachotaka kusema ni kitu kidogo zaidi ambacho kinawaumiza hata wale wanaolipa: mtambo wa ushuru hauna macho. Unaamini tarehe na mwaka uliouandikia. Ukiuandikia vibaya, pesa yako inaweza kuwa imefika serikalini na bado leja yako ikasema una deni.

Ni kama ayuuto tu

Wengi wetu tumelelewa na pesa za ayuuto. Akina mama kumi wanachanga kila mwezi, mmoja anachukua, mwezi ujao mwingine. Sasa fikiria mama mmoja ametoa mchango wake tarehe 5, lakini mweka hazina akaandika kwenye daftari kwamba alitoa tarehe 25. Pesa ni ile ile. Lakini siku ya kikao, daftari likifunguliwa, mama huyo ndiye aliyechelewa, na faini ni yake. Mbaya zaidi, mweka hazina akiandika mchango huo kwenye mzunguko uliopita badala ya huu wa sasa, mama anaonekana hajatoa kabisa.

Leja yako ya iTax ni daftari hilo. Tofauti ni kwamba kwenye ayuuto mnaweza kubishana juu ya chai mkamaliza. Kwa iTax, kinachobisha ni risiti peke yake.

Kwanza, inakuhusu?

Ushuru huu wa kulipa kidogo kidogo kabla mwaka haujaisha tuuite ushuru wa awamu. Kwenye skrini ya iTax utauona kwa jina lake la Kiingereza, Instalment Tax. Unamhusu mtu au kampuni ambayo ushuru wake wa mwaka unafika Sh40,000 au zaidi. Kama umeajiriwa na ushuru wako wote unakatwa kwenye mshahara kwa PAYE, endelea na maisha yako, awamu hazikuhusu.

Kama una biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, pengine uko kwenye ushuru wa mauzo, ule TOT wa asilimia 3 tangu Julai 2023. Huo hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, na ukishaulipa umemalizana na biashara hiyo. Vilevile kama una nyumba za kupangisha pale Bulla Iftin, kuna ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, nao ni wa kila mwezi.

Wanaobaki kwenye awamu ni akina nani? Watu wa taaluma na ushauri, kwa sababu ada za kitaaluma haziingii kwenye TOT. Hapa Kaskazini Mashariki hao si wachache. Mashirika yanayofanya kazi kambini Dagahaley, Ifo na Hagadera huajiri watafiti, wakalimani, wahandisi na wakufunzi kwa kandarasi za miezi miwili mitatu. Ukilipwa, wanakukata asilimia 5 pale pale na kuipeleka KRA. Vijana wengi huona ule mkato wakadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Asilimia 5 ni malipo ya mwanzo tu. Hesabu kamili ya mwaka hutumia viwango vya kawaida vinavyoanzia asilimia 10 na kupanda hadi 25, kisha 30 na zaidi.

Wengine ni kampuni zisizo kwenye TOT, na wale walioomba wenyewe kutoka kwenye TOT. Pia kuna kundi linalosahaulika: wenye mauzo ya chini ya Sh1 milioni kwa mwaka. TOT haiwahusu, kwa hivyo faida yao inahesabiwa kwa viwango vya kawaida, na mtu anaweza kuivuka ile Sh40,000 bila kujua.

Hesabu yenyewe si ngumu

Sheria inakuruhusu kutumia njia mbili na kuchukua iliyo ndogo. Ya kwanza: chukua ushuru wako wa mwaka jana, uongeze asilimia 10. Ya pili: kadiria ushuru wa mwaka huu wenyewe. Kisha gawanya kwa nne.

Tuseme mwaka jana ushuru wako ulikuwa Sh80,000. Ukiongeza asilimia 10 unapata Sh88,000. Gawa kwa nne, kila awamu ni Sh22,000. Lakini ukiona mwaka huu kandarasi zimepungua, mashirika yamefunga miradi na simu haiiti, unaweza kukadiria kwamba ushuru wa mwaka huu utakuwa Sh60,000. Basi kila awamu ni Sh15,000. Makadirio hayo yawe ya kweli, na uwe na karatasi za kuyatetea ukiulizwa.

Walio kwenye sekta ya kilimo wana mpango wao: hawalipi mara nne. Wanalipa asilimia 75 Septemba 20 na asilimia 25 iliyobaki Desemba 20.

Halafu kuna mabaki. Mwaka ukiisha, ukipiga hesabu halisi ukakuta awamu zako hazikutosha, kinachobaki unakilipa kufikia Aprili 30. Ripoti yenyewe, ile ya foleni, ni Juni 30.

Ukichelewa, kuna adhabu ya asilimia 5 ya kile ulichochelewesha, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kwa awamu ya Sh22,000 hiyo ni Sh1,100 ya adhabu, na Sh220 za riba kila mwezi. Si pesa ya kukufilisi. Lakini riba ni kama kupe kwa ngamia: mmoja humwoni, ukija kugutuka wamejaa.

Aprili, mwezi wa mitego

Kama ungeniuliza ni mwezi gani pesa hupotelea njiani, ningekuambia Aprili, tena bila kupepesa.

Tazama. Aprili 20 unalipa awamu ya kwanza ya mwaka huu. Siku kumi baadaye, Aprili 30, unalipa mabaki ya mwaka jana. Malipo mawili, mwezi mmoja, KRA ile ile, pengine hata kutoka kwa M-Pesa ile ile. Lakini ni ya miaka miwili tofauti kabisa.

Unapotengeneza namba ya malipo kwenye iTax, ile PRN, mtambo unakuuliza maswali kadhaa: aina ya ushuru, aina ya malipo, na kipindi. Kipindi maana yake ni mwaka ambao malipo hayo ni yake, wala si mwaka uliomo kwenye kalenda ya ukutani. Mtu aliyeketi saiba mwezi Aprili 2026 anayelipa mabaki ya 2025 anapaswa kuchagua 2025. Akichagua 2026, basi pesa zake zimekwenda kukaa 2026 kama mgeni asiyealikwa, na mwaka 2025 unabaki ukidai. Mwaka mmoja una ziada, mwingine una deni, na deni linazaa riba huku ziada imelala usingizi.

Sasa ongeza na hili: wengi wetu hatujazi wenyewe. Tunampa jamaa wa saiba namba ya siri ya iTax, tunamwambia "nilipie KRA", tunatoka nje kupokea simu. Jamaa ana watu wanane kwenye foleni. Anachagua mwaka ulio mbele yake, anabonyeza, anakupa karatasi. Wewe unalipa kwa roho safi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kwa ubaya, lakini leja imeshavurugika.

Kwa hivyo ukienda kulipa, sema sentensi kamili: "Nataka kulipa awamu ya kwanza ya mwaka 2026", au "Nataka kulipa mabaki ya mwaka 2025." Halafu soma karatasi kabla ya kulipa. PRN ikiwa na mwaka usio sahihi, iache, tengeneza nyingine. Kuitengeneza hakukugharimu kitu. Kilicho na gharama ni kulipia isiyo yako.

Tarehe tatu, ukweli mmoja

Sasa tufike kwenye kujaza ripoti. Unapofika sehemu ya kuonyesha awamu ulizolipa, unatakiwa kutaja malipo yako moja moja: namba ya malipo, tarehe na kiasi. Hapo watu huchanganya tarehe tatu.

Ya kwanza ni tarehe ya mwisho iliyowekwa na sheria, mfano Juni 20. Ya pili ni tarehe uliyotengeneza PRN, mfano Juni 17. Ya tatu ni tarehe pesa ilipotoka mfukoni mwako kweli, mfano Juni 23, kwa sababu mteja alikuzungusha.

Inayotakiwa ni ya tatu. Siku uliyolipa. Kuwa na PRN ya Juni 17 hakukufanyi mtu aliyelipa Juni 17, kama vile kuandikisha jina kwenye orodha ya basi la Nairobi hakumaanishi umefika Nairobi. Na kuandika Juni 20 ili ionekane vizuri pia hakusaidii, kwa sababu KRA wana rekodi yao ya siku pesa ilipoingia. Ukiandika Juni 20 na rekodi yao inasema Juni 23, umejipatia adhabu ya kuchelewa, na juu yake umejipatia ripoti isiyolingana na leja. Ya kwanza inaisha kwa kulipa. Ya pili inaanzisha maswali.

Kosa lingine ni kujumlisha. Mtu amelipa mara nne Sh22,000, halafu kwenye ripoti anaandika mstari mmoja: Sh88,000, Desemba. Jumla ni sahihi, lakini historia si ya kweli. Kwa maandishi yako mwenyewe umejionyesha kama mtu aliyekaa mwaka mzima bila kulipa hadi mwisho. Malipo manne ni mistari minne.

Na kuna kosa la kipumbavu ambalo ni la kompyuta, si lako. Wamarekani huandika mwezi kwanza, halafu siku. Sisi tunaanza na siku. Kompyuta nyingi za mitumba na simu tunazonunua huja zimepangwa Kimarekani. Ukiandika 12/06 ukimaanisha Juni 12, kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaweza kuelewa Desemba 6. Tarehe kama 20/06 haina shida, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na mtambo utakataa. Hatari iko kwa wale waliolipa mapema, tarehe 1 hadi 12. Yaani mtu mwaminifu aliyewahi ndiye anayeweza kuonekana amechelewa miezi sita. Kabla ya kutuma, tazama kila tarehe jinsi skrini inavyoionyesha, usitazame jinsi ulivyoiandika.

Ijumaa, mtandao na mto

Hapa ndipo kuishi Garissa kunapoleta hesabu yake. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inasema tarehe ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, basi siku ya mwisho inarudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Haisongi mbele. Inarudi nyuma. Watu wengi hudhani ni kinyume.

Chukua kalenda ya 2026. Aprili 20 ni Jumatatu, poa. Juni 20 ni Jumamosi, kwa hivyo mwisho ni Ijumaa Juni 19. Septemba 20 ni Jumapili, mwisho ni Ijumaa Septemba 18. Desemba 20 ni Jumapili, mwisho ni Ijumaa Desemba 18. Awamu tatu kati ya nne zinamalizikia Ijumaa.

Na Ijumaa ya Garissa unaijua. Kufikia saa sita mchana maduka mengi yameshushwa, watu wanaelekea msikitini, na baada ya swala kuna chakula, kuna wageni, kuna usingizi. Ukijiambia "nitalipa Ijumaa mchana", umejidanganya. Ifanye Alhamisi iwe Ijumaa yako.

Kama kampuni yako inafunga vitabu Juni badala ya Desemba, awamu zako huhesabiwa kwa mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wako wewe: Oktoba 20, Desemba 20, Machi 20 na Juni 20. Na Oktoba 20 kila mwaka ni Mashujaa Dei. Kwa hivyo awamu yako ya kwanza haijawahi kuwa Oktoba 20 hata siku moja. Ni 19, au mapema zaidi wikendi ikiingilia. Hilo pia linawahusu watu wa TOT na wa kodi za nyumba kila Oktoba.

Halafu kuna mtandao. Kaunti zetu zimeshuhudia minara ya simu ikishambuliwa na al-Shabaab, na kuna vijiji vya Garissa, Wajir na Mandera ambavyo vimewahi kukaa bila mawasiliano. Hata hapa mjini kuna siku mtandao unaamka na homa. Na kuna mvua. Awamu ya Aprili huangukia msimu wa gu, ya Desemba huangukia mwishoni mwa deyr. Waliokuwa hapa mwishoni mwa 2023 wanakumbuka Tana ilivyofurika na barabara ya Mororo ikakatika, na ikakatika tena mwaka 2024. Watu walivuka kwa maboti kati ya Madogo na mjini. Mtambo wa ushuru haujui mto umefurika. Unajua tarehe tu.

Ndiyo maana dawa ya hapa kwetu ni kuwahi. Ukilipa kwa M-Pesa, namba ya biashara ni 222222 na akaunti ni PRN yako. Muamala mmoja hauzidi Sh250,000, jambo ambalo kwa wengi wetu si tatizo, tumshukuru Mungu au tulie, chagua mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa una tarehe na saa. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, maana simu huibiwa na ujumbe hufutika.

Binamu wa Minneapolis naye ana tarehe zake

Karibu kila familia ya hapa ina mtu Minneapolis, na mara nyingi mtu huyo anaendesha lori au teksi ya programu ya simu. Kule naye anahesabiwa kama mtu anayejiajiri, na ana awamu nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15, na Januari 15 ya mwaka unaofuata.

Umeona hiyo ya nne? Sisi mtego wetu uko Aprili, wao uko Januari. Malipo ya Januari 15, 2026 ni ya mwaka 2025. Ukiyaandika chini ya 2026 kwa sababu Januari ni mwaka mpya, umefanya lile lile la saiba yetu, ila kwa dola.

Wamarekani wengi hujaza ripoti kwa programu za kununua au za bure, na programu hizo huuliza: ulilipa kiasi gani, na tarehe gani? Wengi wakifika hapo huona uvivu wakaacha zile tarehe za mwisho ambazo programu imewawekea tayari. Kama kweli ulilipa siku hizo, sawa. Kama ulilipa awamu ya Juni mwezi Agosti, programu itahesabu kama uliwahi, itakuambia huna adhabu, halafu barua ya IRS itakuja baadaye na hesabu tofauti, maana adhabu yao huhesabiwa kwa siku, kwenye fomu namba 2210. Na kinyume chake pia ni kweli: aliyelipa mapema akaandika tarehe ya baadaye anaweza kujilipisha adhabu isiyo yake.

Kanuni yao ya kuepuka adhabu inafanana na yetu kidogo. Ukiwa umelipa asilimia 90 ya ushuru wa mwaka huu, au asilimia 100 ya ushuru wa mwaka uliopita, uko salama mradi ulilipa kwa wakati. Kwa wenye kipato kinachozidi dola 150,000 inakuwa asilimia 110. Na kama deni lililobaki ni chini ya dola 1,000, adhabu hiyo haimhusu. Jimbo la Minnesota nalo lina malipo yake ya awamu, yanayoandikwa sehemu yake, yasichanganywe na ya serikali kuu.

Kwa hivyo binamu akikupigia kukuuliza "huko kwenu mambo ya ushuru yakoje?", mwambie: ni yale yale, tofauti ni hali ya hewa.

Kwa nini ujali?

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Mimi deni la Sh3,000 litanifanya nini?" Sikiza.

Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango unaojulikana kama AGPO. Kwa mji kama huu, ambako viwanda vya kuajiri vijana ni vichache na kaunti ndiyo mnunuzi mkubwa, tenda moja ya kusambaza madawati au kuchapisha fomu inaweza kukuweka mjini mwaka mzima. Lakini ili uombe tenda unahitaji cheti cha KRA kuonyesha umetimiza wajibu wako wa ushuru, ile TCC, ambayo hudumu miezi 12. Unaiomba kwenye iTax. Na leja yako ikiwa na deni, hata la riba ndogo iliyozaliwa na mwaka uliochaguliwa vibaya, ombi lako linakwama.

Tenda huwa na siku zake za kufunga. Kurekebisha leja kunachukua muda. Unaandika ombi, unaambatisha risiti, unasubiri afisa ahamishe pesa kutoka mwaka huu kwenda mwaka ule. Wakati huo mwenzako ambaye leja yake ni safi ameshaingiza bahasha kwenye sanduku. Umeshindwa si kwa bei wala kwa uwezo. Umeshindwa kwa sababu ya tarakimu moja, 6 badala ya 5.

Hicho ndicho kinachoniuma mimi. Tunalalamika, tena kwa haki, kwamba Kaskazini Mashariki tuliachwa nyuma miaka mingi: barabara, umeme, shule. Basi mtu aliyejikaza, akasajili kampuni, akalipa ushuru wake wote, asije akaangushwa na karatasi aliyoisaini bila kuisoma.

Fanya hivi, haichukui hata dakika 20

Nunua daftari la Sh50, au fungua ukurasa kwenye simu yako. Kila ukilipa, andika vitu vitano: PRN, kiasi, siku uliyolipa, awamu ya ngapi, na ya mwaka gani. Mstari mmoja kwa kila malipo. Weka na picha ya risiti.

Baada ya siku chache ingia iTax, fungua leja, uone kama malipo yameketi kwenye mwaka wake. Usingoje Juni. Kosa la Aprili ukiligundua Mei ni safari moja ya dawati la KRA pale Huduma Centre. Ukiligundua miaka mitatu baadaye ni hadithi ndefu.

Ukikuta limekaa mwaka usio wake, andika ombi la kuhamishwa, utaje PRN, tarehe, kiasi, mwaka lilipo na mwaka linapotakiwa kuwa, na uweke nakala. Ukikuta umelipa zaidi ya ulichodaiwa, unaweza kuomba urudishiwe. Sheria inakupa hadi miaka mitano, lakini usiingoje.

Siku ya kujaza ripoti, toa daftari, nakili tarehe kama zilivyo. Uliyochelewa, andika umechelewa. Uliyowahi, andika umewahi. Na kama unajaziwa, kaa kwenye kiti cha pembeni hadi amalize. Simu itapigwa tena. Namba ya siri badilisha ukifika nyumbani.

Mimi chuo nilikiacha nikiwa bado sijamaliza, na hakuna profesa aliyenifundisha haya. Lakini hata ayeyo ambaye hajawahi kuona darasa anajua nani alimkopesha mbuzi, mwaka gani wa ukame, na nani alirudisha baada ya mvua ya ngapi. Hakuna mtu anayeweza kumchezea hesabu, kwa sababu anakumbuka siku. Wewe una simu yenye kalenda. Hiyo tarehe iandike leo, kabla hujasahau.